Leteni Kilichoota

Jumatatu, 4 Novemba

Padri alikuja jana baada ya misa ya pili, akaniungamisha nikiwa kitandani. Nilimpa dhambi zangu zote, na kwa umri huu hazikuwa nyingi. Nyingine nilizitafuta kwa juhudi ili asione amepoteza safari. Lakini alipofunga kitabu chake niligundua kuwa jambo linalonielemea kuliko yote lilikuwa limebaki palepale. Si dhambi, kwa hiyo halikuwa na mlango wa kupitia. Ndiyo maana leo nimemwomba Gloria aninunulie daftari.

Naitwa Domitila Kija. Nimefundisha Kiswahili tangu nikiwa msichana hadi nilipostaafu, na hapa Bariadi ni vigumu kupita ofisi isiyokuwa na mtu niliyewahi kumkata alama. Sasa moyo wangu umechoka. Daktari alisema hivyohivyo, "Umechoka, Mwalimu," kama anayezungumzia punda. Miguu inavimba, vidonge vinanipeleka chooni mchana kutwa, na mvua za msimu huu sitegemei kuziona zikiisha.

Kufa sikuogopi. Naogopa kufa kabla sijasema ndoto moja niliyoiota nikiwa na miaka saba. Hata marehemu mume wangu sikumwambia. Na hapa siiandiki, maana ina mahali pake pa kusemewa, na mahali hapo si daftari.

Jumatano, 6 Novemba

Gloria, binti wa mwanangu wa kwanza, alisomea sanaa Dar es Salaam. Ukoo mzima unamwita "yule wa kuchora kuta". Amepata ufadhili mdogo wa kufanya kazi moja hapa kwetu, na amehamia kwangu ili aifanye na wakati huohuo anipe dawa zangu. Anaiita sanaa shirikishi. Nilimwuliza maana yake. Akasema, "Bibi, mtazamaji asipofanya kitu, kazi haipo." Nimeipenda tafsiri hiyo. Darasa ni hivyohivyo.

Mada yake ni ndoto na alama zake. Chama cha msingi cha wakulima kimemwazima ghala la pamba, kwa kuwa pamba mpya haitaingia mpaka Mei. Mwenyekiti, Ndaki, ametoa onyo moja tu: paa linavuja. Gloria amecheka. Kwa jua hili, nani anajali paa?

Ameniletea mchoro. Ukuta mrefu wenye vitufe. Unabonyeza nyoka, sauti inakueleza maana ya nyoka. Unabonyeza jino lililong'oka, unaelezwa maana ya jino.

"Na nyoka maana yake nini?" nikamwuliza.

"Adui, Bibi. Nimesoma sehemu nyingi."

"Babu yangu akimwota chatu, siku hiyo hatukulima. Kwake chatu alikuwa mgeni, mzee wa zamani amekuja kutusalimia. Mama yangu, aliyebatizwa, akimwota chatu yuleyule alimwita katekista. Kitufe chako kitamsemea nani kati yao?"

Alitafuna kalamu. "Bibi, unaniharibia kazi."

"Naisahihisha."

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua kubwa alfajiri. Mji mzima umekwenda shamba na mbegu.

Jumanne, 12 Novemba

Vitufe vimefutwa. Gloria sasa anataka watu wenyewe walete kitu kimoja walichokiona ndotoni, chochote, kikopo, unyoya, kiatu, na waisimulie ndoto yao kwenye kinasa sauti. Vitu vitaning'inizwa ghalani. Ukikigusa kimoja, unaisikia sauti ya mwenyewe. Mambo ya nyaya amemwachia Salvatory, fundi simu wa sokoni, kijana anayeongea huku bisibisi iko mdomoni.

Nikamwambia aweke na moto. "Weka shikome."

Wasomaji wa mbali huenda hawaijui. Shikome ni moto wa uani, karibu na zizi, ambao wanaume na wavulana wa kaya hukaa wakiuota jioni. Pale ndipo ng'ombe walipohesabiwa kwa maneno, vijana walipofundishwa adabu, na ndoto zilipowekwa mbele za watu na kupimwa. Mtu aliamka na ndoto yake, akaibeba kutwa nzima bila kuisema, akaifikisha pale. Sisi wasichana tulikuwa na jiko.

Nilipokuwa na miaka saba niliamka na ndoto. Niliibeba kama maji kwenye kiganja. Jioni nikaenda shikome, nikasimama nyuma ya kigoda cha baba, nikasema, nami nimeota. Baba hakuwa mkali. Alisema tu, "Rudi kwa mama yako, unga haujasagwa." Wanaume wakacheka. Kaka yangu Bujiku, aliyenizidi miaka mitatu, alicheka kuliko wote, maana ndiyo kwanza alikuwa ameruhusiwa kukaa pale.

Basi nakiri hapa ambacho padri hakuwa na pa kukiweka: maisha yangu yote nimetaka kukaa pale. Nimekaa meza kuu kwenye mahafali. Nimekaa kiti cha mbele kanisani. Vyote hivyo vilikuwa viti vya kungojea kile kingine.

Katika waliokuwepo siku ile, amebaki Bujiku peke yake, na ndiye mkubwa wa nyumba yetu. Moto wa shikome huwashwa na mwenye kaya. Akiwasha yeye, ni shikome. Akiwasha Gloria, ni kuni zinazowaka.

Jumamosi, 16 Novemba

Bujiku amekuja kutoka Nkololo na fimbo yake na kofia yake.

"Mwangaluka, ng'wana Kija."

"Mwangaluka, kaka. Karibu michembe."

Nilimweleza yote. Alisikiliza huku akitafuna vile viazi vikavu, akiitazama miguu yangu iliyovimba na kujifanya haioni.

"Shikome ndani ya ghala la pamba," alisema.

"Barazani, pale penye mizani."

"Na spika."

"Na spika."

"Na wanawake watakaa?"

"Watakaa."

"Basi hilo ni jiko, Domitila. Ni jiko kubwa tu."

Gloria akaangua kicheko, nikamkata jicho. Bujiku aliondoka bila kuahidi kitu, na michembe yote alikuwa ameimaliza.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimeandika tangazo la Gloria kwa mkono wangu, mistari sita. Joakim, mwenye pikipiki yenye spika, atalizungusha mjini na vijijini mpaka Lagangabilili, Jumamosi watu waje ghalani. Mkono unatetemeka lakini mwandiko bado unasomeka. Dirishani mahindi ya jirani yamechomoza, machache, kama meno ya mtoto.

Alhamisi, 21 Novemba

Hakuna wingu. Tangu ile mvua ya tarehe tisa, hata tone.

Jumamosi, 23 Novemba

Siku ya leo lazima niiandike yote, hata kama nitapumzika kila mstari.

Gloria alitegemea watu thelathini. Tulipofika na bajaji, saa tatu asubuhi, uwanja wa ghala ulikuwa umejaa kama siku ya malipo ya pamba. Baiskeli, mikokoteni, akina mama na makarai kichwani. Gloria alinishika bega. "Bibi, wamekuja!" Kisha tukaona walichobeba.

Miche. Mche wa pamba ndani ya kopo la rangi. Mahindi mawili ndani ya galoni lililokatwa. Choroko kwenye sufuria bovu. Wengine wamebeba makopo yenye udongo mtupu. Wote wamenuna.

Mzee mmoja mrefu, Mayige, wa njia ya Kiloleli, alikuja mbele yangu akanisalimia vizuri, kisha akanisogezea kopo lake usoni. Ndani kulikuwa na mche mmoja wa pamba, majani mawili.

"Mmesema tulete kilichoota. Hiki ndicho kilichoota, Mwalimu. Shimo nimetia mbegu tano, kaota huyu mmoja. Shimo la pili hakuna. La tatu hakuna. Sasa tuambieni, mbegu zile zilikuwa mbegu au mchanga?"

"Na mimi andika!" akapiga kelele mama mmoja nyuma. "Eka mbili! Kopo langu hilo hapo, tupu kama mfuko wa mume wangu!"

"Mume wako yupo hapa, mama," sauti ikamjibu.

"Ndiyo maana nimesema kwa nguvu."

Walidhani tumetumwa kukagua mbegu. Watu walikuwa wamesukuma baiskeli tangu alfajiri kuja kushitaki.

Gloria alimgeukia Joakim. "Ulisoma nini wewe kwenye spika?"

"Nilichoandikiwa!" Joakim akatoa karatasi mfukoni, lakini makelele yalizidi, Ndaki naye akamjia juu, na vijana wawili wakawa wanamwita kiziwi wa kusoma. Alisimama na karatasi yake, macho yamekuwa mekundu. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye gunia. Nilishajua. Sentensi niliyokusudia ilikuwa *leteni mlichoota*. Silabi moja, na neno ndoto sikuwa nimeliandika popote. Nilikuwa nikitazama mahindi dirishani, na mkono ukaandika kilichokuwa machoni.

Nilinyamaza. Naandika hivyo kwa aibu. Nilimwacha Joakim atukanwe karibu robo saa, kwa sababu niliogopa watu waseme, Mwalimu Domitila akili zimeanza kumtoka. Kisha nilimwona akiisoma upya karatasi yangu, akitafuta kosa lake mwenyewe.

Nikaomba spika. "Joakim amesoma sawasawa. Aliyekosea ni mimi. Nilitaka mlete mlichoota usingizini, nikaandika kilichoota shambani. Nimewakata alama ninyi na baba zenu kwa makosa madogo kuliko hilo. Leo nikateni."

Ndipo Ndaki, niliyemfundisha kidato cha pili, akasema, "Sifuri, Mwalimu," na uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Joakim naye alicheka, akifuta macho.

Kicheko kilipopoa, Mayige alikuwa bado ameshika kopo lake.

"Kwa hiyo mlitaka ndoto."

"Ndiyo, baba."

Aliutazama mche wake. "Basi ni huyuhuyu. Wiki mbili sasa nikilala namwona huyu. Naota nimeamka shamba zima limekuwa kijani, na mimi nimevaa suti." Watu wakacheka tena, yeye hakucheka. "Nikiamka nakwenda kumwangalia kama bado yupo. Andikeni hiyo."

Salvatory alitoa bisibisi mdomoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akawasha kinasa sauti.

Mpaka saa saba watu walikuwa kwenye foleni. Walisema ndoto zao kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, na kila aliyemaliza aliliacha kopo lake chini ukutani, wenye miche na wasio na miche, kana kwamba huo ndio ulikuwa mpango tangu mwanzo.

Jumapili, 24 Novemba

Sikwenda kanisani. Gloria amekaa kitandani kwangu akichora tangu asubuhi. Vitu vya kuning'inia vimefutwa. Kazi yenyewe sasa ni makopo. Ndani ya udongo wa kila kopo Salvatory atachomeka vijiti viwili vya shaba. Ukimwagia maji, yanaunganisha vijiti, na spika ndogo iliyo chini ya kopo inaisema ndoto ya mwenye kopo. Ukitaka kusikia ndoto ya mtu, sharti umnyweshee mche wake. Udongo ukikauka, ndoto inakuwa tayari kusemwa upya.

"Na kopo lenye udongo mtupu?" nikamwuliza.

"Nalo linasema. Bibi, lile ndilo watu watalimwagia zaidi."

Nimefundisha kitenzi *kuota* miaka mingapi? Mbegu huota, mtu huota ndoto, mtu huota moto. Kwa Kisukuma ni maneno mbalimbali, kulota ni kwa ndoto na kumela ni kwa mbegu, na nilipokuwa msichana shuleni nilishangaa Waswahili walivyoyaweka yote kwenye chungu kimoja. Nilicheka peke yangu, kwa sababu ya ndoto yangu. Sikuweza kumweleza mtu kwa nini nacheka.

Jumatatu, 2 Desemba

Jua kali. Pamba ya Mayige ndani ya kopo inaishi kuliko ile ya mashambani.

Alhamisi, 5 Desemba

Tumebishana kuhusu nyuzi. Kila atakayesikia ndoto atafunga uzi kwenye kopo kuonyesha alivyoielewa. Gloria alikuwa amechagua nyekundu kwa hatari, nyeupe kwa mgeni mwema, nyeusi kwa msiba. Leo tumewaita watu wachache kujaribu. Philomena, anayeleta dagaa kutoka Lamadi, alisikia ndoto ya mama mmoja aliyeota ng'ombe mweusi amesimama mlangoni. Akafunga uzi mweusi huku akitabasamu.

"Unatabasamia msiba, Mama Philomena?" Gloria akamwuliza.

"Msiba uko wapi? Nyeusi si mvua? Wingu jeupe lilishamnyeshea nani?"

Gloria alinitazama. Nilimwambia simo. Amefuta maelezo yote ya rangi ukutani, na ameandika tu: *Chagua uzi wako.* Ukuta wake umebaki na maneno matatu, na ni mzuri kuliko siku zote.

Nami nimeanza kumwona upya mtoto huyu. Nilidhani nimemkaribisha nyumbani. Kumbe ndiye aliyenikaribisha kazini.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Bujiku alikuja ghalani, akasema amekuja "kuliona jiko kubwa". Alizunguka mikono nyuma kama mkaguzi. Mwisho akainama, akachota maji kwa kikombe, akamwagia kopo moja lililokuwa pembeni.

Lilikuwa la Philomena. Ndoto yake ni fupi: mwanawe aliyezama ziwani anabisha hodi, amelowa, anaomba taulo, na yeye anazunguka nyumba nzima hapati taulo. Ndiyo yote. Bujiku alisimama hata sauti ilipokuwa imekwisha. Kisha alichukua uzi mweupe, akaufunga taratibu, vidole vyake vikikataa kukunja fundo. Sikumsaidia. Angechukia.

Alikuja akaketi karibu yangu juu ya gunia.

"Siku ile," alisema, "ulitaka kusema nini?"

Moyo ulinipiga kwa namna ambayo daktari asingeipenda. "Siku ipi?"

"Usinifanye mtoto. Siku ya unga."

"Unaikumbuka?"

"Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha usiku nikakaa nikijiuliza. Mpaka leo najiuliza. Hukusema hata kwa mama."

"Nitaisema shikome."

"Niambie sasa, Domi. Tupo wawili."

"Hapana."

"Na ukifa je?"

"Nitakwenda nayo, na wewe utabaki unajiuliza."

Alivua kofia. "Una roho ngumu kama baba."

"Washa moto."

Alisimama, akapiga kofia yake gotini kutoa vumbi, akaenda zake. Gloria anasema nacheza kamari. Ni kweli. Na ninachochezea ni pumzi, nami ninazo chache. Lakini nikiisema juu ya gunia, itakuwa ni habari tu. Nimeingoja miaka mingi mno kuifanya habari.

Jumatano, 11 Desemba

Hospitali. Wananitoa maji mwilini. Mwandiko mbaya, samahani.

Jumamosi, 14 Desemba

Bado hospitali. Daktari hataki niende kwenye ufunguzi. Nimemwambia nilimfundisha mama yake. Anasema hiyo si dawa.

Jumatano, 18 Desemba

Nimerudi nyumbani kwa kupungua uvimbe tu, si kwa kupona. Naweza kukaa. Bujiku hakuja hospitali. Alituma maziwa ya mgando na mtu, na ujumbe mmoja: "Ngumu kama baba."

Jua. Jua. Jua. Watu wamepanda mara ya pili, na mbegu zimekaa ardhini zikingoja.

Jumamosi, 21 Desemba

Naandika tangu nilipoamka leo Jumapili, lakini tarehe naiacha ya jana, maana siku yenyewe haijaisha ndani yangu.

Walinipeleka kwenye kiti cha magurudumu alichokiazima Joakim, ambaye alikwishanisamehe na sasa hutangaza kwa spika kila mahali, "Kilichoota na mlichoota, vyote leteni!" Ghala lilikuwa limejaa makopo, zaidi ya mia, yamepangwa kwa mizunguko kama mawimbi ya jiwe lililotupwa majini, na katikati nafasi ya watu kupita. Nyuzi zilikuwa kila mahali. Wageni walikuja kutoka ofisi za serikali, Ndaki akiwa amevaa tai. Watu waliinama na vikombe, wakamwagia, wakasikiliza, wakafunga. Niliona mzee wa kanisa na mganga wa kienyeji wa Dutwa wameinamia kopo moja, mmoja amefunga nyekundu, mwingine nyeupe, na wakabishana kwa heshima, vikombe mkononi.

Barazani, pale pa moto, palikuwa patupu. Gloria alikuwa ameweka mawe kwa duara. Saa nane, saa tisa, Bujiku hakuonekana. Gloria aliniinamia. "Bibi, niwashe mimi?" Nikatikisa kichwa. Nilijiambia, basi, nitakwenda nayo.

Saa kumi giza likashuka ghafla upande wa ziwa. Watu walitazama milangoni bila kusema, kwa kuogopa kuliharibu. Kisha upepo, kisha lile tone la kwanza juu ya bati, kubwa kama jiwe. Kisha mvua yote.

Ndaki alishika kichwa. "Paa!"

Lilivuja. Lilivuja kila mahali, kama alivyotuonya. Maji yalishuka kwa nyuzinyuzi juu ya makopo, na kopo la kwanza likaanza kusema, na la pili, na la kumi, na halafu yote. Zaidi ya ndoto mia moja kwa wakati mmoja, Kisukuma na Kiswahili, wanaume, wanawake, mtoto mmoja, mama yule wa eka mbili, Mayige na suti yake, juu ya mngurumo wa bati. Lilikuwa kama taifa zima limelala na linasema usingizini.

Gloria alikimbia kwenda kuchomoa nyaya. "Vitaungua, Bibi!"

"Viache!" Sijui sauti ile niliitoa wapi. "Viache viseme!"

Akasimama, maji yakimtiririka usoni, na nikamwona anaelewa kazi yake. Hakuna aliyekimbia. Watu walisimama katikati ya mizunguko, wamelowa, kila mtu akitafuta kwa masikio sauti yake mwenyewe. Philomena alikuwa amepiga magoti kwenye kopo lake, ameweka kanga yake juu ya bega la hewa, kama anayemfunika mtu. Amepata taulo. Mayige alicheza. Alicheza kweli, na fimbo, na wakulima wenziwe wakamzunguka, maana mbegu zao zilikuwa chini ya mvua hiyohiyo.

Ndipo nikasikia ng'ombe. Mkokoteni wa Bujiku ulikuwa umesimama barazani, ng'ombe wawili wakitoa mvuke. Alikuwa amekwama njiani kwenye mchanga wa mto. Chini ya turubai alikuwa na kuni kavu, na chungu chenye kaa la moto kutoka uani kwake, amelikumbatia njia nzima kama mtoto mchanga. Hakunisalimu. Alipiga magoti kwa taabu, akapanga kuni, akaweka kaa, akapuliza. Wazee wenzake wakasogea. Moto ukashika.

Kisha akatoa vigoda viwili mkokotenini. Kimoja nilikifahamu kwa ufa wake. Kilikuwa cha baba. Akakiweka kando ya moto, akakifuta kwa kofia.

"Kaa."

Joakim na Gloria walinishusha kwenye kiti, wakanikalisha. Kigoda ni kifupi kuliko nilivyodhani maisha yangu yote. Magoti yalikuja karibu na kidevu. Wanawake wakaja wakakaa nyuma yangu, kisha pembeni yangu, na hakuna aliyesema neno kuhusu unga.

Bujiku aligonga fimbo chini, akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ile ya baba, "Ng'wana Kija ana ndoto."

Nikaisema kwa Kisukuma, kama nilivyoiota. Hapa naiandika kwa lugha niliyoifundisha, kwa sababu sasa imeshasemwa na haina tena siri:

Niliota mimi ndiye moto. Sina mikono wala miguu, ni moto tu, katikati ya uwanja wetu. Na watu wa kwetu wote wamekaa kunizunguka, baba, babu, mama na jirani zake, na wengine ambao sikuwajua, ambao walikuwa hawajazaliwa. Hakuna aliyeniambia nirudi. Walikuwa wamekaa tu, wananiota.

Mvua iliendelea, na makopo machache yalikuwa bado yananong'ona ndani.

Nilimngoja Bujiku aipime, kama ilivyo desturi. Angeweza kusema maana yake ni hii au ile. Badala yake aliegemeza fimbo gotini, akainua viganja vyake viwili, vyenye sugu za jembe, akavinyoosha kuelekea kwangu. Si kuelekea kwenye moto. Kuelekea kwangu, vikiwa wazi, kama mtu anayejipasha.

Mayige akanyoosha vyake. Na Philomena. Na Ndaki na tai yake iliyolowa. Na Gloria wangu.

Jumanne, 24 Desemba

Ndege wamerudi mashambani. Salvatory anasema spika nyingi zimepona, na zilizoungua atazibadilisha. Ghala litabaki wazi mpaka Mei, na watu wanaleta makopo mapya bila kuitwa. Bujiku amelala chumba cha pili tangu juzi. Anasema ni barabara mbovu, na kila asubuhi ananisimulia ndoto zake, nyingine nina hakika anazitunga.

Mkono umechoka. Sina tena ninachokificha, na ni wepesi ambao sikuujua. Gloria ameuliza aandike nini kwenye kopo langu, lile lenye udongo mtupu alilolitenga karibu na mlango. Nimemwandikia maneno mwenyewe, na safari hii nimeyasoma mara mbili kabla ya kumpa: *Mkiniota, nitaota.*